Mnara na Ghorofa: Uhakiki wa Hoja ya Majengo Marefu katika Pwani za Miji ya Kihistoria, kwa Kuitazama kutoka Koyama

Ikisiri

Mjadala kuhusu majengo marefu katika pwani za miji ya kihistoria ya Afrika Mashariki umejengwa juu ya swali moja la kihesabu: jengo liruhusiwe kufikia ghorofa ngapi? Makala haya yanahakiki swali hilo na kudai kwamba limeulizwa vibaya. Kwa kuchunguza maneno matatu ya Kiswahili, yaani pwani, mnara na ghorofa, na kwa kulinganisha visiwa vya Bajuni na Kismayo na pwani za Mji Mkongwe wa Zanzibar, Dar es Salaam na Liverpool, makala yanaonesha kwamba kimo si jambo geni katika miji ya Waswahili. Jambo geni ni kimo kinachompa faida anayetazama kutoka ndani peke yake. Jengo refu huufaidi mji wa kihistoria pale tu linapomtumikia anayefika kwa chombo na anayefanya kazi pwani. Kwa Koyama na Kismayo, ambako wenyeji wengi walihamishwa na vita na haki zao za ardhi hazijatulia, kipimo hiki kinapaswa kuwekwa kabla ya jiwe la kwanza.

Istilahi muhimu: pwani, mnara, ghorofa, urithi, Wabajuni, Koyama, Kismayo

1.0 Utangulizi

Kisiwa cha Koyama hakina jengo refu la kisasa. Kina nyumba za wavuvi, mabaki ya misikiti na makaburi ya mawe, na pwani ambamo vyombo hupandishwa na kushushwa kwa kufuata maji. Kwa hiyo msomaji anaweza kuhoji: ni kwa nini tukihusishe kisiwa hiki na mjadala wa maghorofa? Jibu ni kwamba mijadala ya aina hii katika ukanda wetu huanza ikiwa imechelewa. Huanza wakati nguzo za zege zimekwisha kusimama, mkataba umetiwa saini, na mtaalamu wa urithi anaitwa kuja kupima madhara ambayo hana tena uwezo wa kuyazuia. Koyama inatupa fursa adimu ya kuuliza swali kabla ya jibu kujengwa.

Kismayo, mji mkuu wa eneo hilo na bandari ambayo visiwa vya Bajuni huitegemea, iko katika hali tofauti. Tangu majeshi ya Kenya na washirika wao wa Kisomali yalipouteka mji huo kutoka kwa Al-Shabaab mwaka 2012, ujenzi umerejea. Fedha za wafanyabiashara na za jamaa walio ughaibuni zinatafuta mahali pa kukaa, na zege ni mahali ambapo fedha hukaa ikionekana. Ardhi inayotazama bahari ndiyo inayotamaniwa kwanza. Linaloamuliwa Kismayo leo ndilo litakaloamuliwa visiwani kesho.

Makala haya hayakusudii kutetea ufupi dhidi ya urefu. Yanakusudia kuhakiki namna tunavyojenga hoja zetu juu ya suala hili, na kupendekeza kipimo kingine kinachotokana na miji yenyewe.

2.0 Pwani, Mnara, Ghorofa: Msamiati kama Kipimo

Lugha ya mipango miji huichukulia pwani kama mstari. Upande mmoja wa mstari ni bahari, upande wa pili ni viwanja. Kiswahili hakikubaliani na mchoro huo. Neno pwani lina uhusiano na kitenzi kupwa: ni mahali ambapo maji hupwa. Kwa asili yake, pwani ni eneo lenye upana, ambalo saa sita ni la bahari na saa sita ni la watu. Ndani yake wanawake huokota kombe, mafundi hukalafati vyombo, watoto hujifunza kuogelea, na samaki hugawanywa kabla ya kufika sokoni. Mwenye kuchora mstari juu ya eneo hilo amekwisha kuligawa bila kuwauliza wanaolitumia.

Neno mnara nalo limetoka katika Kiarabu, na maana yake ya msingi ni mahali pa mwanga. Mnara ni kitu kirefu kilichoinuliwa ili kionekane au kisikike na walio mbali. Mwenye kupanda juu yake, awe mwadhini au mlinzi wa taa, hupanda kwa ajili ya walio chini na walio baharini. Ghorofa pia ni neno la asili ya Kiarabu, na maana yake ni chumba, hasa chumba cha juu. Tunapohesabu ghorofa tunahesabu vyumba, yaani nafasi zinazoweza kukaliwa, kukodishwa na kuuzwa.

Tofauti hii ina uzito katika uhakiki. Mnara na ghorofa vinaweza kulingana kwa meta, lakini faida zake zinaelekea pande mbili tofauti. Mnara humpa sura yake anayeutazama. Ghorofa humpa mandhari anayekaa ndani yake, na mara nyingi humnyang'anya aliye nyuma. Sera inayotaja idadi ya ghorofa peke yake imekwisha kuchagua upande bila kujua, kwa kuwa imekubali kwamba kimo ni suala la vyumba.

Historia ya pwani yetu inathibitisha kwamba kimo si mgeni. Makaburi yenye nguzo ndefu za mawe yanapatikana kuanzia pwani ya kusini ya Somalia hadi Kunduchi nchini Tanzania. Yale yaliyo karibu na msikiti wa Ijumaa wa Malindi bado yanasimama karibu na bahari. Msikiti wa Ijumaa wa Shela, kisiwani Lamu, uliojengwa mwaka 1829, unajulikana kwa mnara wake mweupe unaochongoka kuelekea juu. Vitu hivi vilikuwa virefu kuliko nyumba zilizovizunguka, na havikuharibu sura ya mji. Ndivyo vilivyoipa sura yake.

Tusizipambe nguzo hizo kupita kiasi. Kaburi la nguzo lilikuwa la mwenye mali na nasaba. Halikujengwa kwa ajili ya mvuvi. Hata hivyo faida yake ilimfikia mvuvi. Nahodha anayetafuta mlango katika mwamba hupanga alama mbili za nchi kavu, moja mbele na moja nyuma, na zinapoonekana katika mstari mmoja hujua kwamba yuko salama. Fahari ya tajiri ikawa alama ya maskini. Sifa hii ya kumfaa ambaye hakulipia ndiyo makala haya yanayoichukua kuwa kipimo.

3.0 Koyama na Kismayo: Mahali Swali Linapouma

Visiwa vya Bajuni vimejipanga sambamba na pwani baina ya Kismayo na Ras Kiamboni, vikiwa sehemu ya safu ya matumbawe yenye milango michache ya kupita. Koyama, Chovai na Chula ni miongoni mwa vile vilivyokaliwa kwa muda mrefu. Neville Chittick, aliyechapisha matokeo ya uchunguzi wake wa akiolojia katika pwani ya kusini ya Somalia mwaka 1969, aliviingiza visiwa hivi katika ramani ya miji ya mawe ya Waswahili. Kabla yake, Vinigi Grottanelli alikwisha kuchapisha, mwaka 1955, utafiti mpana kuhusu Wabajuni kama wavuvi wa Bahari ya Hindi. Wabajuni ndio waliojulikana sana kwa mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba za nazi bila misumari. Kwa chombo kama hicho pwani ni karakana: panahitajika mchanga mpana, kivuli, na njia isiyozuiwa ya kufika majini.

Nyumba za mawe za ukanda huu zilijengwa kwa matumbawe na chokaa, na dari zake zilibebwa na boriti za mikoko. Urefu wa boriti ndio ulioamua upana wa chumba, takriban meta 2.5 hadi 3, na uzito wa kuta ndio ulioamua idadi ya ghorofa. Kimo cha mji kiliwekwa na msitu wa mikoko na jiwe la bahari kabla hakijawekwa na sheria yoyote. Boriti hizo hizo zilisafirishwa hadi Arabuni na Ghuba kuezekea nyumba za huko, mpaka Kenya ilipopiga marufuku usafirishaji wake nje ya nchi mwaka 1982. Zege na chuma vimeliondoa sharti hilo la kimaumbile. Tangu hapo kimo kinahitaji kuwekewa mpaka kwa uamuzi, kwa kuwa maumbile hayauweki tena.

Historia ya kisiasa nayo ina neno. Kismayo na visiwa vyake vilikuwa sehemu ya milki ya Sultani wa Zanzibar, vikaingia chini ya Uingereza, na mwaka 1925 Uingereza ikaikabidhi Jubaland kwa Italia. Bandari ya kisasa ya Kismayo ilijengwa katika miaka ya 1960. Baada ya dola ya Somalia kuvunjika mwaka 1991, Wabajuni wengi walikimbilia Kenya. Baadhi yao walirudi mwishoni mwa miaka ya 1990, wengine wametawanyika hadi Ulaya. Bandari ikawa chanzo cha mapato ya kivita kiasi kwamba Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipiga marufuku, mwaka 2012, biashara ya mkaa wa Somalia uliokuwa ukipitia humo.

Kwa mantiki hiyo, kuuliza kama jengo refu linaifaa pwani ya Kismayo au ya Koyama ni kuuliza vilevile ni nani aliye na haki ya kuulizwa. Kiwanja kinachoonekana kitupu machoni pa mwekezaji huenda ni mahali ambapo jamaa fulani walipandisha mashua zao kwa vizazi, wakakimbia bila hati, na wanasubiri kurudi. Jengo la ghorofa kumi juu ya kiwanja hicho lingefanya kurudi kwao kusiwezekane kabisa. Nyumba ndogo inaweza kuhamishwa kwa maelewano. Zege la ghorofa kumi halina maelewano.

4.0 Hoja za Watetezi wa Kimo

Watetezi wa majengo marefu wana hoja tatu, na zote zinastahili kujibiwa kwa haki.

Ya kwanza ni ya ardhi. Mji wa kihistoria mara nyingi uko juu ya kisiwa au rasi isiyoweza kupanuka. Kujenga kwenda juu, wanasema, ni kuokoa ardhi. Hoja hii ina ukweli mahali ambapo ghorofa za juu zinapunguza idadi ya majengo ya chini na kuacha uwazi. Lakini ardhi inayookolewa ni lazima ionekane. Ikiwa jengo refu linakalia kiwanja chote kutoka ukuta hadi ukuta, halijaokoa ardhi. Limeongeza matumizi juu ya ardhi ile ile. Katika visiwa vya matumbawe, tena, ardhi si kiasi peke yake. Chini yake mna maji matamu yanayoelea juu ya maji ya chumvi. Kwa kanuni inayofahamika ya elimu ya maji, kila meta moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari husawazishwa na takriban meta 40 za maji matamu chini ya usawa huo. Kwa hiyo kisima kikivutwa kupita kiasi, chumvi hupanda haraka kuliko maji yanavyoshuka. Jengo lenye vyumba mia juu ya kisiwa kidogo linaweza kuharibu visima vya kijiji kizima bila kugusa ukuta wa nyumba hata moja.

Ya pili ni ya uchumi. Jengo refu huleta ajira, kodi na wageni. Faida hizi zipo, ila zinapaswa kuhesabiwa pamoja na zinazopotea. Kazi za pwani, yaani uundaji wa vyombo, uanikaji wa samaki na uchuuzi mdogo, haziingii kwa urahisi katika vitabu vya hesabu vya serikali, na kwa sababu hiyo kutoweka kwake hakuonekani kama hasara. Mshauri wa sera anayelinganisha mapato ya hoteli na kiwanja kitupu analinganisha kitu na uongo, kwa kuwa pwani haijawahi kuwa tupu.

Ya tatu ni ya taswira. Mji uliotoka vitani, au uliosahauliwa, unataka kuonekana umesimama tena. Hoja hii hudharauliwa na wataalamu wa urithi, na wanakosea. Watu wa Kismayo wana haki ya kutaka mji wao uonekane kutoka baharini kama mji ulio hai. Lakini matakwa hayo ni ya mnara, na huwa yanajibiwa kwa ghorofa. Kinachotakiwa ni ishara ya wote. Kinachojengwa ni vyumba vya wachache. Mogadishu inatoa onyo: hoteli ya Uruba, iliyojengwa mbele ya bahari kuwa fahari ya mji, ilibaki gofu wakati wa vita. Mahali ambapo amani haijakomaa, kila jengo lililo juu kuliko mengine ni pia mahali pa kulengea shabaha.

5.0 Pwani Tatu za Kulinganisha

5.1 Mji Mkongwe wa Zanzibar

Mfano wa karibu zaidi kwa sheria na historia ni Mji Mkongwe, ulioingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000. Jengo maarufu la pwani yake, Beit al-Ajaib, lilijengwa mwaka 1883 kwa amri ya Sultani Barghash, na lilikuwa refu kupita yote yaliyolizunguka. Kwa maneno ya leo lilikuwa jengo refu lisilolingana na mandhari. Lilisimama juu ya mali iliyotokana na karafuu na jasho la watumwa, na hatupaswi kulisahau hilo tunaposifu baraza zake. Mwaka 1896 manowari za Uingereza zilipoipiga kasri kwa muda usiofika saa moja, Beit al-Hukm iliyokuwa karibu iliharibiwa, na mnara wa taa uliokuwa mbele nao ukaharibika. Baadaye mnara wenye saa uliunganishwa na Beit al-Ajaib yenyewe.

Tukio hilo lina maana kubwa kuliko inavyodhaniwa. Jumba la mtawala lilipopewa mnara wa saa lilibeba wajibu mpya: kumwambia aliyeko Forodhani na aliyeko baharini saa ngapi. Varanda zake pana zilitoa kivuli kwa barabara. Mbele yake palibaki uwazi, ambao hatimaye ukawa bustani ya Forodhani, iliyofanyiwa ukarabati mkubwa hadi mwaka 2009. Ndiyo maana sehemu ya jengo ilipoporomoka tarehe 25 Desemba 2020, msiba ulikuwa wa mji mzima. Watu hawakulilia ghorofa. Walilia alama yao. Kuporomoka huko kunatufundisha pia kwamba kimo ni deni la matunzo: kila ghorofa inayoongezwa ni dari, boriti na mifereji ya maji ambayo vizazi vijavyo vitalazimika kuilipia.

Kinyume chake ni kisa cha Mambo Msiige, jumba la katikati ya karne ya 19 lililoko Shangani. Jumba hilo lilifanywa sehemu ya hoteli iliyofunguliwa mwaka 2015, pamoja na jengo jipya kando yake upande wa bahari. Kamati ya Urithi wa Dunia ililalamikia kimo na ukubwa wa jengo hilo jipya pamoja na kupotea kwa eneo la wazi. Mji Mkongwe wakati huo ulikuwa na mamlaka ya hifadhi iliyoanzishwa mwaka 1985 na mpango wa uhifadhi wa mwaka 1994. Vyombo vilikuwepo. Tukilitazama jengo lenyewe, halizidi kimo cha Beit al-Ajaib. Kwa nini basi la 1883 likawa alama na la 2015 likawa lalamiko? Sababu si ukale peke yake. La kwanza liliacha pwani mbele yake. La pili lilisimama juu ya uwazi ambao watu walikuwa wakiutumia kufika baharini.

5.2 Dar es Salaam

Dar es Salaam inatuonesha upande wa kimo kikubwa. Kwa muda mrefu sura ya mji kutoka baharini ilikuwa ya minara miwili ya makanisa, la Azania Front na la Mtakatifu Yosefu, pamoja na Boma la Kale lililojengwa zama za Sultani Majid katika miaka ya 1860. Leo nyuma yake yamesimama majumba pacha ya uliokuwa Mfuko wa Pensheni kwa Watumishi wa Umma na jengo la Mamlaka ya Bandari, kila moja likiwa na zaidi ya ghorofa 30. Minara ya makanisa haikubomolewa, imenyamazishwa. Ipo, ila haiwezi tena kumwelekeza mtu.

Hata hivyo ingekuwa si haki kusema kwamba pwani hiyo imekufa. Soko la samaki la Feri na kivuko cha Kigamboni bado vinaifanya pwani kuwa mahali pa wote, na uhai huo umetokana na kubaki kwa matumizi ya umma chini, wala si na yaliyojengwa juu. Somo jingine la mji huo ni la uwezo wa usimamizi. Tarehe 29 Machi 2013 jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa katikati ya mji liliporomoka na kuua watu 36. Ikiwa mji mkubwa wenye bodi za wahandisi na za wakandarasi uliweza kupatwa na msiba huo, mji unaojenga upya taasisi zake kama Kismayo unapaswa kujiuliza ni ghorofa ngapi unaweza kuzikagua kabla ya kuuliza ni ngapi unaweza kuziruhusu.

5.3 Liverpool

Nje ya ukanda wetu, Liverpool iliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2004 kama mji wa bandari na biashara, ikawekwa katika orodha ya hatari mwaka 2012, na kuondolewa kabisa mwaka 2021 kwa sababu ya miradi ya ujenzi mbele ya maji. Wapo waliosema kwamba mji ulichagua maisha badala ya makumbusho. Sentensi hiyo inavutia, lakini Koyama haiwezi kuiazima. Liverpool ilipoteza cheo na kubaki na watu wake, mahakama zake na daftari zake za ardhi. Kisiwa ambacho watu wake wametawanyika hakina akiba ya namna hiyo ya kufidia kosa.

6.0 Ufupi Nao Si Cheti cha Wema

Hoja ya makala haya ingeharibika kama ingechukuliwa kuwa utetezi wa majengo mafupi. Katika pwani ya mashariki ya Unguja zipo hoteli nyingi za ghorofa moja au mbili, zilizoezekwa kwa makuti, ambazo haziharibu upeo wa macho hata kidogo. Baadhi ya hoteli za aina hiyo katika ukanda wetu zimeizingira pwani kwa kuta na walinzi, hata mkulima wa mwani au mvuvi wa pweza akalazimika kuzunguka mwendo mrefu kuifikia bahari aliyozaliwa kando yake. Kwa kanuni ya kimo, hoteli hizo hazina kosa. Kwa kipimo cha pwani, zimekosa kuliko jengo refu linaloacha njia.

Pendekezo la UNESCO la mwaka 2011 kuhusu mandhari ya miji ya kihistoria lilikaribia kuliona hili liliposisitiza kwamba mji ni matabaka ya maadili na matumizi, si majengo peke yake. Lakini utekelezaji wake katika ukanda wetu mara nyingi huishia katika michoro ya upeo wa macho: jengo linaonekana kutoka wapi, linafunika nini. Michoro hiyo huchorwa kwa jicho la mtu aliyesimama nchi kavu, au la mgeni katika picha. Ni nadra kuona mchoro uliochorwa kutoka katika mashua. Wanaohakiki majengo marefu na wanaoyatetea wanashiriki kosa moja: wote wamesimama mahali pamoja.

7.0 Maana Yake kwa Sera

Somalia iliuridhia Mkataba wa Urithi wa Dunia mwaka 2020, na kwa hiyo ina fursa ya kuandaa utaratibu wake bila kurithi makosa ya wengine. Kutokana na uhakiki huu, mambo manne yanafaa kuzingatiwa na mamlaka za Jubaland na za shirikisho.

Kwanza, mpaka wa ujenzi upimwe kutoka maji makuu ya bamvua, na eneo lote la kupwa na kujaa, pamoja na ukanda wa nchi kavu unaotosha kupandishia vyombo, litambuliwe kuwa mali ya umma isiyouzwa. Jengo la ghorofa yoyote lililo nyuma ya ukanda huo linajadilika. Jengo lililo juu yake halijadiliki, hata likiwa banda.

Pili, kabla ya mpango wowote wa mji, alama za mabaharia ziandikwe: msikiti upi, kaburi lipi, mti upi, hupangwa na upi ili kuingia mlango upi. Kazi hii ni ya manahodha wazee pamoja na wataalamu wa lugha, na haina budi kufanywa sasa, huku Kibajuni kikiwa bado na wazungumzaji wanaozijua. Jengo linalofunika alama lizuiwe, au litoe alama mbadala iliyokubaliwa na wanaolitegemea eneo hilo.

Tatu, maji yawe sharti. Hakuna kibali cha ghorofa visiwani bila kipimo huru cha visima, na idadi ya vyumba iamuliwe na kisima.

Nne, na hili ndilo gumu kuliko yote, ushahidi wa mdomo kuhusu matumizi ya pwani upokewe, ukiwemo wa walioko Mombasa, Lamu na ng'ambo. Kudai hati kutoka kwa mtu aliyekimbia kwa mashua usiku ni kumdai asichoweza kuwa nacho. Mpaka madai hayo yasikilizwe, vibali katika viwanja vya pwani vyenye mgogoro vingetolewa kwa majengo ya muda tu.

Itasemwa kwamba masharti haya yatamfukuza mwekezaji. Huenda yakamfukuza mwekezaji mwenye haraka. Anayebaki atajenga katika mji ambao majirani zake hawamwoni kama mvamizi, na hiyo ni dhamana ambayo hakuna benki ya Kismayo inayoweza kuitoa.

8.0 Hitimisho

Swali lililoulizwa ni kama majengo marefu yanaufaidi ukingo wa mji wa kihistoria. Jibu la uhakiki huu ni kwamba kimo peke yake hakifaidi wala hakidhuru. Kinachoamua ni upande ambao faida ya kimo inaelekea. Beit al-Ajaib ilikuwa ndefu na mji ukaipenda, kwa sababu iliacha pwani na ikabeba saa ya wote. Hoteli fupi zenye kuta hazizidi mnazi, na zimewakata watu na bahari.

Wahakiki wa fasihi wamezoea kuuliza kazi fulani inasemwa na nani na inamsemesha nani. Usanifu wa majengo unastahili maswali hayo hayo. Kismayo inaanza kusema upya kwa zege, na Koyama ingali inasema kwa mawe ya kale. Watunga sera wanaokaa mezani kuidhinisha michoro wawe na kiti kimoja cha nahodha, na mchoro wa kwanza wanaouomba uwe ule unaoonesha mji kutoka baharini, wakati wa maji kupwa, na watu wakiwa pwani.